Jina la Mtu Aliye Hai

Kila asubuhi niliita majina ya darasa langu kwa sauti ndogo, macho yangu yakiwa kwenye kitabu cha mahudhurio. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu miezi minne tu iliyopita, na niliwaonea haya hata watoto wa miaka minane. Nje, matrekta ya mradi wa karanga yalinguruma mbali, kama mvua ambayo haifiki. Niliita, wakaitika, mpaka nilipofika kwa msichana mgeni aliyetoka kuandikishwa jana yake.

"Jina lako kamili?"

"Ashura Yunusi Mbaruku."

"Mbaruku ni nani?"

"Mwalimu, ni babu yangu. Wa Ruangwa. Lakini hakuzaliwa nalo. Ni jina la kaka yake aliyekufa Mahiwa, vita vya Mjerumani. Alilirithi."

Watoto wakasubiri, kisha wakaanza kuchekana, na mimi sikukumbuka tena ni nani aliyefuata kuitwa.

Nyumbani pale Nachingwea niliishi na mzee mmoja, kaka wa marehemu bibi yangu, ambaye nilimwita Babu. Mtaa mzima ulimwita Mzee Seleman, ila alizaliwa Mbaruku. Bibi ndiye aliyenisimulia. Mbaruku alikuwa askari wa Mjerumani. Mdogo wake, Seleman, alichukuliwa na Waingereza huko Lindi, akaingia Keya, jeshi lao la askari Waafrika. Mwaka 1917 walikuwa wote Mahiwa, mmoja upande huu wa bunduki, mmoja upande ule. Vita vilipopita, watu wakaleta habari kwamba Seleman amekufa. Kwetu Wamwera jina la marehemu haliachwi lilale peke yake. Walimwaga unga mlangoni, wakamwita kaka mtu kwa jina la mdogo wake, na mara ya tatu akaitika.

"Tangu siku ile," Bibi aliniambia, "kuna swali linamla. Hasemi. Lakini mimi nimezaliwa naye tumbo moja, najua anachojiuliza. Ile risasi ilikuwa ya nani."

Sasa nilielewa kwamba huko Ruangwa, mwendo wa siku mbili kwa miguu, mtu mwingine naye alikuwa ameletewa habari za kifo cha kaka yake, akaitwa mara tatu, akaitika. Miaka thelathini na minne kila ndugu aliishi ndani ya jina la mwenzake, akimlilia mtu aliye hai. Na yeyote ambaye angewatafuta kwa majina yao ya kuzaliwa asingewapata.

Jioni nilimkuta Babu akimenya mihogo.

"Mke wangu, umechelewa. Umepata mwanamume huko shuleni?"

"Nimepata watoto arobaini, Babu."

"Arobaini! Basi mimi nimeachwa."

Nilifungua kinywa nimwambie. Nikauona mkono wake ukigeuza muhogo taratibu, nikaogopa. Nikimwambia kwamba Seleman yu hai, namvua jina alilojifunika miaka yote hiyo, na chini yake lipo lile swali, tupu. Nikasema tu kwamba Jumamosi nakwenda kumwona mzazi wa mwanafunzi.

Tulipanda lori la mradi, mimi na Ashura, mpaka Ruponda, kisha kwa miguu, kisha kwa baiskeli ya mjomba wake. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya ufuta hata miti ikaonekana kama inaelea. Mara kadhaa nilidhani nimelala shuleni juu ya meza na haya yote ninayaota.

Tulimkuta mzee akipepeta ufuta na mkewe, Mwanne. Pua ya mzee ilikuwa ya Babu. Hata alivyosimama, mguu mmoja mbele, ni Babu.

"Shikamoo, Mzee Mbaruku."

"Marahaba, mwanangu."

Nilisema kwa kunong'ona, ikabidi nirudie. "Mbaruku mwenyewe yu hai. Yuko Nachingwea, kwetu. Watu wanamwita Seleman."

Mwanne ndiye aliyecheka kwanza. "Haa! Basi mimi hawa watoto sita nimezaa na nani?"

"Nyamaza, mama Yunusi." Mzee aliweka ungo chini, ukainama, ufuta ukamwagika, asiutazame. "Huyo wa kwenu ana kovu wapi?"

"Chini ya goti la kushoto."

"Mimi ndiye niliyemkata," akasema polepole, sauti yake imekuwa ya mtoto. "Kwa jembe. Tulikuwa tunachimba panya."

Hakulala mpaka kukucha. Alfajiri alikuwa tayari, kanzu imefuliwa na bado mbichi mwilini.

Tulifika Nachingwea Jumapili alasiri. Babu alikuwa amekaa nje, kwenye kivuli cha ukuta. Mgeni alisimama ukingoni mwa uwanja, asisogee.

"Kaka Mbaruku."

Babu alimtazama, kisha akanitazama mimi, kana kwamba nimemtoa mtu huyu usingizini mwake na kumleta mchana.

"Nimekuletea jina lako," mdogo wake akasema, anacheka na machozi yanamtoka. "Nimelitunza, kaka. Wajukuu wangu wanaliandika shuleni."

"Karibu," Babu akasema. "Kaa."

Hakumshika mkono. Nilileta maji, nikaketi karibu na mlango nisionekane. Mgeni aliongea sana. Aliongea habari za lori, za ufuta, za Mwanne na maneno yake. Babu aliitikia kwa kichwa tu. Mwishowe mgeni akainamisha uso.

"Yamepita, kaka. Risasi siku ile zilikuwa kama nyuki. Nani angejua anampiga nani?"

Nilitamani Babu akubali. Njia ilikuwa imefunguliwa kwa upole mkubwa, alibakiwa na kupita tu.

Akatikisa kichwa.

"Hapana. Mlikuwa ng'ambo ya korongo. Ukawaita wenzako kwa Kimwera, waje wanywe maji. Sauti yako niliijua kabla hujamaliza neno. Amri ikatoka." Akamtazama mdogo wake usoni. "Nilijua ni wewe, Seleman. Nilijua, na nikapiga."