Sasa ya Mama Inamahoro

Baba yangu alimwita mama Inamahoro mwizi wa maji mbele ya kanisa, misa imetoka tu, watu bado wana rozari mkononi.

"Anafungua maji mbele ya chuma kugongwa," alisema. "Minye nimemuona kwa macho yangu. Na si mara moja."

"Masikio yangu iko mazima, muzee Bigirimana," mama Inamahoro alimjibu. "Yako je?"

Watu walicheka. Baba hakucheka.

Mama Inamahoro alikuwa mjane. Shamba lake la mpunga lilikuwa la kwanza kwenye mfereji, pale juu maji yanapotoka mto Luberizi. Letu lilikuwa la mwisho, mbali chini, upande wa Ruzizi, na maji yalikuwa yanatufikia yamechoka. Sheria ilikuwa fupi. Kapita wa maji, muzee Herménégilde aliyesimamia zamu, akigonga chuma, kila mwenye zamu anainua ubao wake na maji yanaingia kwa wote pamoja. Anayeinua mbele ya chuma anakosa zamu zake mpaka mwezi uishe. Na mwezi ule mpunga ulikuwa unatoa mashuke. Ukikosa maji wakati huo, unavuna makapi. Mama Inamahoro hakuwa na shamba lingine.

Kapita alisema, "Jumatano ni siku ya zamu. Siku hiyo nitaamua."

Nilirudi nyumbani na moyo mzito, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeona. Baba alikuwa amenisimamisha kwenye tuta letu na kuniambia nitazame. Uwanda wetu ni tambarare, unaona mbali. Nilimuona mama Inamahoro na kitambaa chake chekundu, nikaona ubao wake uliopakwa chokaa unapanda juu. Kimya. Nikameza mate. Ndipo chuma kikalia: ngee! Baba hakuwa anasema uongo.

Lakini mama Inamahoro naye nilimjua. Kuku wetu alizoea kwenda kutagia jikoni mwake, na kila mara alikuwa anatuletea yai likiwa bado na moto. Mutu anayerudisha yai, ataiba maji mbele ya macho ya watu wote?

Zamani mambo hayo hayakuwako. Kapita alikuwa anatembea kando ya mfereji mzima na filimbi yake, na kila mmoja alifungua alipopita. Mwaka ule mguu wake ulianza kumuuma, akatundika kule juu, karibu na shamba la mama Inamahoro, chuma cha gurudumu la kamyo iliyoangukaga kwenye barabara ya Bukavu, na kuanzia hapo akawa anagonga akiwa amekaa kwenye kiti.

Siku ya pili nilikuwa napalilia peke yangu nyuma ya nyumba za barabarani. Kwa mbali nilimuona mama Inamahoro uani kwake anatwanga. Mchi ulishuka kwenye kinu bila sauti. Ukapanda, na ulipokuwa juu hewani ndipo nikasikia: du! Ukashuka tena kimya, ukapanda, du! Ni kama kinu kilikuwa kinalia mchi ukikiacha.

Nilikuwa nimeona jambo hilo tangu utoto bila kuliangalia, kama mutu asivyoangalia kisigino chake. Safari hii niliweka jembe chini, nikaanza kumwendea polepole, macho kwenye mchi. Nilivyozidi kukaribia, sauti ilizidi kuufuata mchi. Ikaukuta katikati ya njia, ikashuka nao, mpaka nilipofika kwenye uzio wake mchi ulipiga na sauti ikatoka papo hapo, kitu kimoja. Nikarudi kinyumenyume. Vikaachana tena.

"Generose!" mama Inamahoro aliita. "Unatembea kama kaa, uko na shida gani?"

"Hapana, mama. Twanga tena."

"Nitwange tena? Huu mchele unataka kuwa unga!"

Lakini alitwanga. Mimi nikasimama mbali, nikatazama. Niliona kwamba sauti inatembea. Inatembea haraka kuliko mbayuwayu, lakini inatembea, inapita shamba kwa shamba kama mutu mwingine yeyote. Chuma kikigongwa, sauti inamfikia kwanza mama Inamahoro, naye anainua ubao. Wakati huo kwetu bado haijafika, iko njiani juu ya mpunga wa watu. Ikifika, yeye ameshafungua. Hakuna aliyeiba, na hakuna aliyesema uongo.

Niliokota jembe, sikuweza kulima. Chuma kinasema "sasa". Na hiyo sasa ni ipi? Kuna ya kapita, kuna ya mama Inamahoro, na kuna yetu ya mwisho kabisa. Siku zote niliona sasa ni moja tu, pana, imefunika dunia nzima kwa mara moja: hapa Luberizi, Uvira kwenye ziwa, Usumbura, mpaka Ulaya. Kumbe inaanzia kwenye chuma cha muzee Herménégilde na kuondoka kwa miguu.

Jioni nilijikaza. "Baba," nilisema, "sauti inatembea."

"Ina miguu ngapi?"

Maneno yote yakanikauka. Tangu masomo, niliyoyaacha mwaka wa tatu, ndivyo nilivyokuwa: jibu liko kichwani, lakini mutu akinitazama linajificha. Baba aliendelea kula.

Ni shangazi Pudentienne, dada yake baba tuliyekuwa naye pale nyumbani, aliyenifuata jikoni. Kwake niliweza kusema. Nilimueleza mchi, kinu, chuma na mpunga wa watu. Alinisikiliza mdomo wazi.

"Hee! Basi minye nikimtukana mutu aliye mbali, tusi liko njiani na yeye anatabasamu tu?"

"Ndiyo, shangazi. Kidogo tu."

"Mungu wangu. Nimeacha mengi njiani."

Jumatano tulikusanyika kwenye tuta letu, wenye mashamba wote. Kapita alikuwa amepanda baiskeli ya mtu kuja kutusikia, na mke wake Agathe alibaki juu kukaa kwenye chuma. Angegonga akipungiwa kutoka kwenye ubao wa kwanza.

"Bigirimana anasema anaona," kapita alisema. "Basi tutaona wote. Na tukiona, Inamahoro, usinililie."

Mama Inamahoro alikuwa anatazama mashuke ya mpunga wetu, na nilijua anafikiria mashuke yake.

Shangazi alinisukuma mgongoni. "Kapita, huyu mutoto iko na neno."

Wakageuka wote. Nilitazama vidole vya miguu yangu ndani ya matope.

"Sema weye mwenyewe," shangazi alininong'oneza, "minye nitaliharibu."

"Baba aende kwa mama Inamahoro," nilisema. "Na mama Inamahoro abaki hapa. Kila mutu ainue ubao wa mwenzake."

"Kwa sababu gani?" baba aliuliza.

Nikarudisha macho kwenye matope. Kapita alikuna kidevu. "Si mbaya," alisema. "Mshitaki akae kwenye kiti cha mwizi. Nenda, Bigirimana, au unaogopa?"

Baba alikwenda, hasira ikimwendesha. Tulimuona anakuwa mdogo, mdogo zaidi, mpaka akawa koti la kaki tu karibu na ubao mweupe. Akapunga mkono. Mama Inamahoro alishika ubao wetu kwa mikono miwili, akakaza macho.

Koti likainama. Ubao mweupe ukapanda.

Kimya. Ndege mmoja akapita juu yetu.

Ngee!

Mama Inamahoro aliachia ubao, akashika mdomo. Halafu akacheka hadi akakaa chini kwenye tuta. "Bigirimana!" alipiga kelele kuelekea juu. "Mwizi wa maji weye! Tumekuona!"

"Ngoja, mama," shangazi alisema. "Bado hajakusikia."

Baba aliporudi alikuta watu wanamtazama kama alivyokuwa amewafanya wamtazame mwenzake. Alianza kuapa kabla hajafika. "Niliinua nyuma ya chuma! Kilinigonga hapa kifuani, hata nikangoja kidogo, ndipo nikainua. Mungu anajua."

"Na minye?" mama Inamahoro aliuliza.

Baba alivua kofia. Aliangalia kule juu alikotoka, akaangalia tulipokuwa, kama mutu anayepima nguo. Kisha akageuka kwangu. "Ina miguu ngapi?" aliuliza tena, lakini safari hii polepole, akitaka kujua.

"Sijui, baba. Lakini inatembea."

"Na weye hukuiba," alimwambia mama Inamahoro. Jumamosi alikuwa wa kwanza kuingia mferejini na chepe kutoa matope, kwa sababu maji yetu yalibaki kidogo vilevile, na alianzia upande wa mama Inamahoro.

Kapita aliacha chuma. Alifunga kitambaa cheupe kwenye mti mrefu, na zamu iliyofuata akakiinua. Mimi na baba tulikuwa kwenye tuta letu. Kitambaa kilipanda, ubao wa mama Inamahoro ukapanda nacho, wetu pia, na hakuna aliyemtangulia mwenzake. Baba alifurahi kama aliyevuna.

Jua lilikuwa linatoka nyuma ya milima ya Urundi. Nililitazama. Pengine mwanga nao unatembea, ila ni mwepesi sana, na uwanda wetu ni mfupi mno kwake. Pengine ungetaka shamba refu kama kutoka hapa mpaka juani. Pengine lile jua limeshainua ubao wake zamani, na hili tunaloliona ni la wakati ule, ndiyo kwanza linatufikia. Na nani atakwenda kusimama kule ili tubadilishane naye?

"Baba," nilisema, "mwanga nao hautembei?"

Alikitazama kitambaa. Akautazama ubao mweupe kule juu.

"Hilo usimwambie kapita," alisema. "Ngoja kwanza tuvune."