Kadi Inayomfaa Kila Mtu

Mwanamke ambaye Jacktone hakumjua alisimama mlangoni mwa chumba chake pale Oyugis, kompyuta kaikumbatia kifuani.

"Wewe ndiye Jacktone wa kadi?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu."

"Heh! Kwa vile unavyoandika, nilidhani nitakuta mzee mwenye kitambi." Akaketi bila kungoja kuonyeshwa kiti.

Aliitwa Pamela, katoka Muhuru Bay kando ya ziwa, na kazi yake ilikuwa kuhariri video za harusi na mazishi. Alikuwa amenunua kadi ya grafiki ya bei nafuu, kile kipande cha kuharakisha picha ndani ya kompyuta, ambayo Jacktone aliisifu kwenye tathmini yake mtandaoni. Mwanzoni video zilienda mbio, kisha kompyuta ikaanza kuzimika yenyewe.

"Jumamosi tunamzika mwalimu wa kwaya," alisema. "Watoto wake wanataka kumwona akiimba mbele ya watu. Video iko humu ndani, nusu tu."

Kompyuta ilikuwa moja ya zile nyembamba zilizotumika maofisini, zinazouzwa kila soko. Kadi ilikuwa pana kuliko kasha, kifuniko kikakataa kufunga. Pamela alikuwa akiitumia wazi hivyo hivyo, na sam, wale wadudu wanaotoka ziwani kama moshi, wakajazana kwenye feni mpaka ikakwama. Kadi ilikuwa imeungua.

"Fundi wa kwetu alinicheka," Pamela alisema kwa sauti ya chini. "Eti mama, kompyuta si sufuria ya omena, huiachi wazi. Nilikosea, sivyo?"

Jacktone alitamani sakafu immeze. Kadi ile aliijaribia Homa Bay, dukani kwa Sharif, kwenye kasha kubwa, akicheza mpira wa kompyuta. Upana wake aliuona. Hata kompyuta hizi nyembamba zilimpitia akilini. Lakini "inamfaa kila mtu" ilisomeka vizuri, akaiacha. Kwa sababu ya maneno hayo hayo jarida moja la Nairobi lilimwomba tathmini ya kadi nyingine, ifike kesho asubuhi. Ikipendeza, kazi ni yake. Tangu amalize chuo hakuna mwingine aliyemwita. Na huyu mama amechekwa kijijini kwa kosa lisilo lake.

"Hukukosea, mama. Mimi nilijua kuna kompyuta ambazo kadi hii haitaingia, nikanyamaza."

Pamela alimgeukia. "Uliandika pia kwamba kadi ikituangusha utatuazima kompyuta yako. Au hiyo nayo ilikuwa ya kupamba?"

Ilikuwa ya kupamba. Jacktone hakudhani mtu angetoka Muhuru kuja kuidai.

Mezani kompyuta yake ilikuwa ikiendelea kupima kadi ya jarida, vipimo havijafika nusu. Aliizima. Akang'oa diski kwenye kompyuta ya Pamela, akafungua kasha la yake na kuiingiza humo, akawasha tena. Mwalimu wa kwaya akatokea, akainua mikono, akaanza kuimba. Pamela akajifuta macho.

"Na wewe, nyathina, mwanangu? Kazi yako utafanyia wapi?"

"Sijui, mama. Wewe funga madirisha jioni, sam wasiingie."

Akawaandikia watu wa jarida kwa simu kwamba tathmini haitafika, na kwamba ile ya kwanza ina kosa. Kisha akaibeba kompyuta yake begani, wakashuka pamoja mpaka stejini, Pamela apande nayo gari la Muhuru.