Ini la Baba Limi Lapanga Foleni

Usiku wa jana niliota Serikali imeleta gari la matangazo mtaani kwetu, nalo halitoi sauti. Lina spika mbili juu. Mtangazaji ameshika kipaza sauti, midomo inakwenda, hakuna kinachosikika.

"Kaka, vyombo vimeharibika?" nikamuuliza.

"Havijaharibika, mama. Tunatangaza homa ya ini aina ya C. Ni ugonjwa wa kimya. Tumeagizwa tuutangaze ulivyo."

"Sasa nani atasikia?"

"Ndiyo changamoto tuliyonayo," akasema, akaendelea kutotangaza.

Nikalifuata gari, maana nina shida yangu. Shemeji yangu Nkwabi tulimzika mwaka jana, tumbo limejaa maji, na hospitali walisema ni homa hiyohiyo. Mdogo wake, ambaye ndiye mume wangu Ngasa, baba Limi, amegoma kupima. "Ini ni ugonjwa wa walevi," anasema, "na mimi ni mzee wa kanisa. Nikionekana kwenye foleni ile, watu watasemaje?"

Gari linaingia zahanati. Watu wamepanga foleni, na nyuma yao wote, kwenye benchi, limekaa ini. Limevaa koti la suti la Ngasa.

"Shikamoo, shemeji," likasema.

"Shemeji yako nani? Nimekulisha miaka yote hii! Mwenyewe yuko wapi?"

"Kabaki nyumbani. Anaona aibu. Nikaona nije mwenyewe."

"Unaumwa?"

"Sijui. Na huko kutokujua ndiko kunakonichosha."

Tukaitwa ndani. Chumba cha daktari ni jiko la marehemu mama mkwe wangu, lenye moshi uleule. Mtafiti wa Serikali, dada mmoja mwenye koti jeupe, anauhoji wembe. Wembe umeketishwa kwenye kigoda na umepewa chai.

"Watoto wote wa nyumba hii niliwachanja mimi chale za kinga ya radi," wembe unaeleza. "Siku moja, kuanzia mkubwa mpaka kitinda mimba. Bibi mwenye jiko hili alikuwa ananifuta kwa kanga yake, basi."

"Kitinda mimba ni nani?" mtafiti akauliza.

"Ni Ngasa," nikajibu mimi.

"Msimlaumu bibi," wembe ukasema. "Radi ilikuwa imeua mtoto wa jirani. Aliwapenda wanawe."

"Hatumlaumu. Tunatafuta virusi vilipopita, ili tujue nani mwingine wa kumwita. Pombe inaliumiza ini, ni kweli, lakini virusi hivi haviulizi kama mtu anakunywa. Na vikionekana, dawa ya kuvimaliza ipo."

Ini likasimama, likavua koti. "Basi nipimeni."

"Hatuwezi. Sharti mwenyewe aridhie."

Nikachoka. "Baba Limi!" nikaita, kwa sauti ile ninayomwitia mvua ikianza na mahindi bado yako uani. Akatokea dirishani, amejifunga msuli wake, amekunja uso.

"Mama Limi, watu wataniona."

"Wakuone! Kaka yako hakuonja pombe, hata togwa iliyochacha, na tumemzika. Unataka koti hili nije nikuvalishe kwenye jeneza?"

Akalitazama ini lake, nalo likamtazama.

"Unasikia baridi?" akaliuliza.

"Naogopa."

"Hata mimi."

Mtafiti akasogeza kidau cha wino, ili mwenyewe aweke dole la kuridhia. Ngasa akachovya dole gumba, akaligusa ini begani, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto machozi.

Nikaamka. Kumekucha. Ngasa bado anakoroma, mkono uko nje ya shuka. Dole gumba lake lina wino wa zambarau, haujakauka.

Nikamfunua shuka.

"Amka ukaoge, baba Limi. Ulishakubali."