Gauni la Joyline

Asubuhi Roselyne alifuta vumbi kwenye cherehani, akaitia mafuta, akakaa. Hakukuwa na cha kushona. Zamani, karakana ya Fred Ochoki hapa Kisii mjini ilipotaka kutoa gauni jipya, yeye ndiye aliyeshona sampuli. Ilivaliwa, ikafumuliwa, ikashonwa tena mpaka ikae. Siku hizi sampuli inaishia ndani ya kompyuta. Fred anachora, mwanamke wa kwenye skrini anavaa, anageuka, kwapa linarekebishwa, basi. Kazi ya mwezi inakwisha kabla ya chai ya saa nne.

Mambo yakazidi kwenda mbio. Gauni lililochorwa asubuhi likawa linaonekana mchana soko la Daraja Mbili, kwenye rundo la mitumba la Nyanchoka, limeshavaliwa miaka. Lebo ya Fred iko shingoni, ila rangi imepauka. Hakuna aliyelikata, hakuna aliyelishona. Wateja walilalamikia bei tu.

"Nguo za leo zimechoka kwapani," Nyanchoka alimwambia Roselyne, akizikung'uta. "Mwambie bosi wako achore za mikono mifupi."

Fred alipopewa habari alifurahi. Alisema wenzake wa Nairobi bado wanahangaika na sampuli.

Roselyne alikuwa na ombi moja. Binti yake Joyline alikuwa anaolewa kijijini Keumbu, na tangu msichana azaliwe, mama alijiwekea ahadi kwamba gauni la harusi atalishona yeye, macho yangali yanaona uzi. Akamwomba Fred hilo lisiingie kwenye kompyuta.

"Mama Joyline, si upumzike tu," Fred akasema kwa upole. "Hiyo ni zawadi yangu." Vipimo alikuwa navyo. Akabonyeza.

Roselyne hakugombana. Alishuka ngazi, akaenda Daraja Mbili kwa miguu. Nyanchoka alikuwa amemwekea pembeni. Gauni lilikuwa jeupe la kugeuka manjano, kiuno kimeongezwa kipande, kifuani doa la maziwa ya mtoto. Pindo liliwahi kufumuka, likarudishwa kwa mishono mirefu, mibaya. Roselyne aliitambua. Joyline ndivyo anavyoshona. Akajua pia kwamba siku Joyline aliposhona pindo hilo, huko miaka ya mbele, mama yake hakuwepo tena duniani, kwa maana angekuwepo angemnyang'anya sindano.

"Woi," alisema, akakaa juu ya gunia. Hasira hakuwa nayo. Aliumia, na alikuwa amechoka.

Nyumbani alilifua, akalianika. Jioni alifumua pindo, akalishona upya kwa mishono midogo, kwa mkono, taratibu, kama alivyotaka siku zote. Alipong'ata uzi na kuligeuza, mishono mirefu ilikuwa pale pale.

Joyline alilijaribu. "Inanikaa, Mama," akasema. "Ni kama nimeizoea."

Harusi ilikuwa Jumapili, Sabato ya Jumamosi ikiwa imeshapita. Ilikuwa fupi. Pasta aliruka viapo kwa sababu kila mtu alivikumbuka. Bwana harusi, Mogaka, alipiga miayo, akamuuliza mkewe kama kuku wamefungiwa. Joyline akasema wamefungiwa.

Jumatatu Roselyne aliitia cherehani mafuta, akakaa.

"Lilimkaa?" Fred akauliza, macho kwenye skrini.

"Lilimkaa."

Fred akatabasamu, akabonyeza lingine.