Mdakaji kwa Mrushaji

Msimu ulipokwisha, timu ya besiboli ya Bondeni ilikuwa imeshinda mechi moja tu kati ya kumi na mbili, na hiyo moja wapinzani hawakufika kwa sababu gari lao liliharibika Gilgil. Kocha wao, Kuluthum, mwalimu wa hesabu ambaye wachezaji wote walimwita Madam, hakuhitaji kuambiwa tatizo. Hezekiah, mrushaji wake wa kwanza, alikuwa ameenda Qatar kulinda maduka. Wa pili, Farah, alikuwa ameumia kiwiko. Na besiboli bila mtu wa kurusha mpira ni harusi bila bibi harusi: mnaweza kuvaa na kukusanyika, lakini hakuna kitakachoanza.

Alikuwa na miezi mitatu ya mapumziko kumpata mwingine.

Kwanza alipanda hadi Elburgon kumtafuta Gachanja, fundi wa kupasua mbao ambaye yeye Kuluthum aliwahi kumwona akirusha mpira hata mpigaji asijue umepita. Alimkuta ameketi nje ya kiwanda, mkono wa kulia umefungwa bendeji.

"Umechelewa, Madam," Gachanja alisema. "Msumeno umechukua vidole viwili. Wiki jana tu."

Kuluthum alitaka kumpa pole, na akampa, lakini moyoni alijiona akihesabu vidole vilivyobaki, kama vingetosha kushika mpira. Aliona haya njia nzima ya kurudi.

Ndipo Jalal, kocha wa timu ya Kihoto kule Naivasha, alipompigia simu. "Nipe Kimutai, nikupe Jamleck. Mtu kwa mtu."

Jamleck alikuwa mrushaji bora katika Bonde la Ufa lote. Lakini Kimutai! Kimutai ndiye mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea kila mpira unaorushwa. Kuluthum alimfundisha tangu darasa la saba, walipokuwa wakidakia kwa kofia kwa kukosa glavu. Katika kushindwa kote kule, Kimutai hakuwahi kukosa mazoezi.

Alifikiri siku nne, kisha akamwita.

"Si kwamba hutakikani," alimwambia. "Tunahitaji mrushaji. Jalal atatupa Jamleck, na wewe ndiye pekee anayemtaka."

Kimutai alitazama viatu vyake. "Umeshakubali?"

"Bado."

"Umekubali, Madam. Nakujua." Akainuka. "Ni sawa. Nitaenda."

Laiti angalau angemkasirikia! Aliondoka kwa adabu ileile aliyokuwa nayo akiwa mwanafunzi wake.

Jamleck alifika Jumamosi iliyofuata, mrefu, mpole, na mipira yake kumi ya kwanza ilipiga glavu kwa mlio uliowafanya watu waliokuwa wakipita wasimame. Kuluthum alihisi kitu ambacho hakuwa amekihisi mwaka mzima. Mpira wa kumi na moja ulidondoka hatua chache mbele ya Jamleck mwenyewe. Alijikunja, akashika bega, akaketi chini.

Kuluthum alimwendea, akachuchumaa. "Tangu lini?"

"Tangu Agosti. Daktari alisema nisirushe tena."

"Na Jalal anajua?"

"Anajua." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Nisamehe, Madam. Nilidhani nikipumzika litapona. Nilitaka tu kucheza."

Kuluthum alimpigia Jalal akiwa na maneno makali tayari mdomoni. Jalal hakubisha. Alisema ziwa limepanda tena wiki hii, mtaa wa Kihoto uko ndani ya maji, uwanja hauonekani, na wachezaji wametawanyika kwa jamaa zao. Hakuna timu tena huko. Maneno yote makali yakamkauka.

Jioni alimpata Kimutai kwa simu. Alikuwa ameajiriwa kwenye shamba la maua, anakata waridi siku sita kwa wiki.

"Rudi nyumbani," Kuluthum alisema. "Nilikosea."

"Hapana, Madam. Hapa nimepata kazi."

"Basi Jumapili peke yake. Naivasha si mbali."

"Jumapili nalala." Hakusema kwa hasira. "Mgongo unaniuma sana. Wasalimie vijana."

Ijumaa, siku ya mwisho ya kuandikisha timu, Kuluthum alipeleka barua kwamba Bondeni haitashiriki ligi. Kesho yake alienda uwanjani kuwaeleza wachezaji. Walikuja sita tu. Jamleck alikuwa mmoja wao, mkono ameuninginiza kwa leso shingoni. Usiku kucha Kuluthum alikuwa amepanga majibu: wakimlaumu kwa ajili ya Kimutai atasema hivi, wakimsihi wajaribu tena atasema vile.

Aliwaambia. Wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akauliza kama jezi zinarudishwa leo au wiki ijayo.

"Wiki ijayo," alisema.

Wakaaga mmoja mmoja, wakaondoka, na hakuna hata mmoja aliyebisha.