Ahakiki au Ahakikishe

Jedwali nililichora mimi, kwa hiyo lawama ni zangu. Kampuni ilifungua tawi nchi jirani, nami mwanasheria wake nikaagizwa nilinganishe sheria za nchi mbili kuhusu udhibiti wa ndani wa taarifa za fedha.

Mhasibu mkuu tulimwita Sahihi Mbili, kwa kanuni aliyoitunga: hakuna karatasi inayomfikia mkurugenzi bila kusainiwa na watu wawili. Tulimnunia wote, mimi nikiwa wa kwanza. Alibakiza miezi minne astaafu.

Jumatatu alilisoma jedwali langu, lililoshuka kutoka kwa mkurugenzi. Safu ya jirani ilisema mhasibu mkuu "ahakikishe" kwamba udhibiti hauna kasoro, la sivyo kifungo.

"Binti yangu," aliniambia, "kukagua naweza. Lakini kumdhamini kila karani wa tawi nisilolijua? Heri niondoke na heshima yangu."

Nilidhani ni maneno ya hasira tu. Kesho yake nikafungua sheria yenyewe, na jasho likanitoka. Ilisema "ahakiki". Atazame, apime, aandike alichokiona, basi. Ile "she" niliinakili mimi kwa pupa kutoka safu ya kwetu, ambako mzigo ni wa mkurugenzi. Silabi moja, na mtu anapoteza kiinua mgongo cha miaka thelathini!

Nilikimbia ofisini kwake. Meza nyeupe, hata kikombe hakipo. Nikamvamia katibu muhtasi wa mkurugenzi.

"Ameleta barua ya kujiuzulu?"

"Jana jioni. Hii hapa."

"Bosi hajaisoma?"

"Ataisomaje? Ina sahihi moja."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Nilimpigia mhasibu simu, akaja na kikombe chake mfukoni mwa koti. Alikisoma kifungu mara tatu, kidole juu ya mstari, kisha akashusha pumzi ndefu na kukaa.

"Kumbe ahakiki tu."

"Ahakiki tu, baba. Nisamehe."

Aliichana barua vipande vinne, akakirudisha kikombe mezani. Roho yangu ikatulia. Ndipo akaligeuza jedwali langu, akatafuta kitu pale chini.

"Na hili lilifikaje juu? Nani alisaini wa pili?"

Nilitazama viatu vyangu. Nililipitisha mlango wa nyuma, ili nisimsumbue mtu.

"Sahihisha," akasema, akifungua kalamu yake. "Halafu lete nisaini."