Mboga ya Siku Tatu

Nimepika miaka ishirini na sita na sijampiga mtu kwa mwiko hata siku moja. Alhamisi ile nilikaribia. Nilirudi kutoka sokoni saa tano asubuhi, nikakuta chungu changu cha tsisaka kimeoshwa, kimeinamishwa kando ya sinki, hakina kitu.

Tsisaka ni mboga chungu. Unaichemsha kwa munyu, ile chumvi ya majivu, unamwaga maji, unatia maziwa, kisha unaiacha ilale. Kesho yake unaipasha na kuongeza maziwa. Siku ya tatu uchungu umekwisha. Njia ya mkato hakuna; mama mkwe wangu aliijaribu mara moja na tukala tumekunja nyuso. Hii niliianza Jumatatu, kwa ajili ya mgeni mmoja tu.

Mgeni mwenyewe ni Chemutai, anayeandika kitabu cha kuwaelekeza wasafiri mahali pa kula nchini. Alimwambia tajiri wetu, Wandera, kwamba sahani za kupambwa kwa maua amezila kila mahali. Kakamega anafuata mboga ya siku tatu. Wandera naye hakutuficha: tusipoingia kitabuni, mwisho wa mwezi anafunga mkahawa. Watu tisa tutarudi nyumbani kukaa.

"Nani ameosha chungu?" nikauliza.

"Ni mimi," akasema Phanuel. Huyo ndiye meneja wetu, kijana wa Butere aliyesomea mambo ya hoteli Nairobi akarudi na tai. "Sheria ni saa ishirini na nne, Mama Awinja. Hiyo imelala mara tatu na inanuka. Mgeni hawezi kulanga hiyo."

"Hiyo ndiyo amekujia."

"Si mpike ingine sasa hivi?"

Angekuwa mtu wa Malindi ningemsamehe. Huyu amezaliwa huku huku, anajua mboga inalala siku ngapi, na bado ameimwaga. 

"Mama yako alikulea na nini, Phanuel? Na piza?"

Akatazama viatu vyake. "Chuoni nilibebanga hii mboga kwa mkebe. Siku moja wakafungua madirisha yote ya bweni. Miaka miwili wakaniita Munyu."

Nilimwonea huruma kwa dakika moja hivi. Kisha nikawakumbuka wale watu tisa.

"Kwa hivyo sisi ndio tulipe? Pigia mama yako simu."

"Sijaenda huko tangu Pasaka."

"Piga."

Akapiga mbele yangu, sauti ya simu ikiwa wazi. "Mama, uko na tsisaka ya kulala?"

Mama akajibu, "Iko. Kila wiki napikanga, nikifikiria utakuja. Naleta mwenyewe."

Chemutai alifika saa sita kamili. Mlo wetu ni sahani saba, kila moja matonge mawili, na katikati unangoja mpaka usahau ulichokula. Upuuzi huo umenichosha mwaka mzima, lakini siku ile niliushukuru. Tukampa mchuzi wa uyoga kwenye kikombe cha mtoto. Tukampa kipande cha ingokho kisichozidi kidole gumba. Kwetu ukimpa mgeni kuku wa namna hiyo, ukoo mzima unasemwa. Akala kwa adabu, akaandika neno moja moja. Kila nilipochungulia aliuliza, "Na ile mboga?" Phanuel alikuwa anatoa jasho mpaka kola imelowa.

Sahani ya sita ilipoondolewa, bodaboda ikasimama nje. Mama yake Phanuel akashuka na gauni la kanisani, sufuria imefungwa kwa leso. Nikanyoosha mikono nimpokee, akanipita. Akaenda moja kwa moja hadi mezani kwa Chemutai, akatua sufuria.

"Phanuel, leta obusuma. Halafu nawa mikono."

"Mama, niko kazini."

"Mwenye nyumba anaonjanga kwanza, ndiyo mgeni aamini chakula. Hapa mwenye nyumba ni wewe. Ama unaogopa?"

Chemutai akaweka kalamu chini, akangoja. Mimi mlangoni nilikuwa nimeuma leso. Phanuel akikunja uso tu, tumekwisha.

Phanuel alileta huo ugali, akanawa. Akamega tonge akiwa amesimama, akachota mboga, akatia kinywani na kufumba macho. Akamega la pili. La tatu akavuta kiti, akakaa mezani kwa mgeni, tai ikigusa mboga, na hakumtazama mtu.

"Na mimi je?" Chemutai akauliza, tayari anakunja mikono ya blauzi. Alikula matonge manne ndipo akakumbuka kalamu. "Hii inaingia kitabuni. Hizo zingine sita sijui."

Phanuel hakumsikia. Alikuwa anakomba.

"Umsamehe, mgeni," mama yake akasema, akimsogezea mwanawe sufuria. "Huyu amekuwa na njaa siku mingi."